Wifi na Molekuli ya Tatu ya Maji

Maabarani walimwita Tone. Jina hilo alilipata zamani, kabla hajaugua, kwa sababu kila mgeni aliyemuuliza anatafiti nini alimjibu hivi: "Tone la maji. Tena dogo kuliko matone yote unayoyafikiria." Wenzake wakacheka, na jina likanata.

Kazi yake ilikuwa kuyatazama maji kabla hayajawa maji. Molekuli moja ya maji ikiwa peke yake hailowanishi kitu. Zikiwa mbili zinashikana. Zikiwa tatu, nne, tano, zinajipanga duara kama watoto wanaocheza. Zikifika sita hivi, zinaanza kujikunja na kupandana, na hapo ndipo watu wa fani yake huanza kubishana: je, haya sasa ni maji, au bado? Vikundi hivyo waliviita vishada. Tone alitumia maisha yake yote ya kazi kuvijua vishada hivyo, na hakuona ajabu yoyote katika hilo, kama fundi viatu asivyoona ajabu kuishi na harufu ya ngozi.

Mashine yenyewe ilijaza chumba. Katikati palikuwa na pipa la chuma cha pua, lenye madirisha madogo ya kioo kinene, na ubavuni pampu zinazonguruma mchana kutwa kunyonya hewa yote iliyomo. Upande mmoja gesi ya heliamu ilibeba mvuke kidogo wa maji na kurushwa ndani kupitia tundu jembamba kuliko la sindano. Ikitokea kwenye ule utupu inapoa ghafla, baridi ambayo hakuna barafu ya duniani iliyowahi kuifikia, na humo ndani ya baridi molekuli hukumbatiana. Hapo leza hupitishwa, ya mwanga ambao jicho halioni. Kila kishada kina mwanga wake kinachoumeza na mwingine kinachoukataa. Pale mwanga unapomezwa, kilele kinasimama kwenye skrini. Hiyo ndiyo spektroskopia. Tone alipenda kuwaambia wageni kwamba ni kumjua mtu kwa anachokula.

Halafu figo zikamgomea.

Zilianza kidogo kidogo, uso kuvimba asubuhi, miguu kujaa, kichefuchefu kisicho na sababu. Akadhani ni uchovu. Alipokwenda kupimwa, daktari wa figo, mama mmoja mpole asiyejua kuzunguka na maneno, alimwambia kwamba zimebaki kama taa inayozimika, na kwamba tangu sasa mashine itamsafisha damu. Na maji? Maji atakunywa kwa kipimo. Mwili wake hauna tena pa kuyatolea. Akizidisha, yatapanda hadi kwenye mapafu.

Basi mtu aliyeyajua maji kwa molekuli akaanza kuyajua kwa mafunda. Alipewa kikombe kidogo cha plastiki cha kumtosha kutwa nzima, pamoja na ya kumezea dawa. Midomo ilipasuka. Ulimi ulikuwa kama gome. Usiku aliota mifereji.

Mkuu wa maabara alikuwa profesa mzee, mkavu wa maneno, ambaye wanafunzi walimwita Barafu, naye alijua na hakujali. Siku Tone alipompelekea habari, Barafu alisafisha miwani yake mara mbili, kisha akachukua ratiba ya leza, ambayo makundi matatu yaliigombania kila wiki, akaifuta yote. "Niambie siku zako za hospitali," alisema. "Zinazobaki ni zako kwanza. Wengine watajipanga."

"Profesa, watanung'unika."

"Wanung'unike. Kunung'unika hakuharibu leza."

Ni wakati huo ndipo Tone alipobadili utafiti wake. Aliacha maji matupu, akachagua yurea, molekuli ndogo ya taka ambayo figo nzima huitoa mwilini bila mtu kujua. Alitaka kuona maji yanavyoishika: ya kwanza inakaa wapi, ya pili wapi, ya tatu wapi. Barafu alipomuuliza kwa nini yurea, alijibu, "Inajaa kwenye damu yangu kila siku, Profesa. Angalau tufahamiane."

Yurea haikuwa rafiki. Ilibidi ipashwe moto ndani ya kitanuru kidogo mlangoni mwa lile tundu ili igeuke mvuke. Ukipunguza moto haitoki, ukizidisha inavunjika na chumba kinanuka amonia kama choo cha stendi. Hata hivyo, kwa subira ya miezi, alipata kilele cha yurea yenye molekuli moja ya maji, kisha yenye mbili. Ya tatu ikamkatalia.

Sasa, Tone alikuwa na kaka mmoja tu, mkubwa wake, fundi umeme, na kaka huyo alikuwa na mke. Mke huyo alikuwa msusi, mwenye saluni yake ndogo, mwanamke wa mwili na kicheko, ambaye mikono yake haikujua kutulia wala mdomo wake. Yeye na Tone walikuwa mawifi wa kuheshimiana kwa mbali. Wifi mtu alidhani Tone anajisikia kwa sababu ya usomi. Tone alidhani mdomo wa wifi yake hauna mlango. Hawakuwahi kugombana, lakini hawakuwahi pia kukaa wawili peke yao hata kwa kikombe kimoja cha chai.

Siku moja kaka alikwama kazini, na chakula cha Tone, kile kisicho na chumvi alichopikiwa kila alipokuwa maabarani, akakileta wifi.

"Hodi! Hodi wenye maji yenu!"

"Karibu wifi. Usiguse hapo."

"Sijagusa. Natazama tu. Au na macho yanaharibu?"

"Macho hayaharibu. Yanaharibiwa. Vaa hii." Tone akampa miwani ya kinga.

Wifi akaivaa juu ya kitambaa cha kichwa, akajitazama kwenye kioo cha dirisha la pipa. "Napendeza?"

"Unafanana na fundi wa kuchomelea."

"Ah! Kumbe na wewe unajua utani." Akaweka hotipoti mezani, akazunguka mashine yote kama anayekagua nyumba ya kupanga. "Haya, niambie. Hiyo milima kwenye skrini ndiyo maji?"

Tone akamweleza. Alishangaa mwenyewe jinsi maneno yalivyotoka kwa urahisi, maana alizoea kuwaeleza watu wanaotikisa kichwa huku mawazo yako kwingine. Wifi hakutikisa kichwa. Alikunja uso.

"Sasa unajuaje hiki ni cha maji mawili, na si matatu? Umeyahesabu?"

"Siyaoni, wifi. Ila nikipunguza mvuke wa maji, vishada vikubwa ndivyo vinavyopotea kwanza, kwa kuwa vinahitaji maji mengi kuumbika. Kilele kikizimika upesi, najua ni cha kundi kubwa. Kikichelewa, ni cha kundi dogo."

"Kama harusi. Wali ukipungua, waliokuja kwa kundi kubwa ndio wanaoondoka mapema."

Tone akacheka, na kicheko kikamkausha koo. Akafungua chupa ya baridi iliyokuwa pembeni, akatoa kipande kimoja cha barafu kisichozidi ukucha wa kidole gumba, akakiweka chini ya ulimi na kufumba macho.

"Nini hicho?"

"Maji yangu ya mchana," Tone alisema kwa taabu, barafu mdomoni. "Yakiwa barafu yanakaa zaidi."

Wifi akatazama ile barafu, akatazama pipa na mirija, akatazama midomo ya Tone iliyopasuka. Aliaga haraka, akasema ana mteja anayesubiri. Baadaye sana Tone alikuja kuambiwa na Barafu kwamba mwanamke mwenye miwani ya leza alikaa kwenye ngazi za chini akilia kwa kwikwi, hadi yeye, Barafu, asiyejua la kumfanyia mtu anayelia, akamletea kiti. Miwani aliirudisha wiki iliyofuata.

Kaka ndiye aliyesema atatoa figo. Hakuuliza, alitangaza, kama mkubwa. Alikwenda hospitali amevaa shati la kutokea, mkewe pembeni. Wakampima kila mahali pa kupimika. Majibu yalipotoka, yule daktari wa figo akamwambia hapana: ana shinikizo la damu ambalo hakulijua, na figo zake mwenyewe zimeanza kuumia. Ashukuru amekuja mapema atibiwe.

Jumapili ile Tone alikwenda kumtembelea. Alimkuta kaka yake amekaa jikoni, mikono mapajani, mtu mzima aliyepigwa. Wifi alikuwa anamenya viazi.

"Nisamehe, mdogo wangu," kaka alisema.

"Nikusamehe nini? Mashine ipo. Nitasubiri foleni kama wengine."

"Foleni yenyewe watu wanafia humo."

Kisu cha wifi kikaendelea, kwaru, kwaru. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Mimi nimeshapima."

"Umepima nini?" kaka aliuliza.

"Damu. Siku ile umelala kitandani wanakupima moyo, mimi nimekaa bure kwenye benchi, nikamwambia yule daktari, mama, kwani sindano zimeisha? Akanichoma. Juzi ameniita. Kundi la damu letu moja, mimi na huyu. Na hivyo vingine vyao wanavyovichanganya kwenye chupa, vimekubaliana."

Kaka akasimama. Kiti kikaanguka. "Bila kuniambia?"

"Ningekuambia ungekataa. Sasa nimekuambia, kataa."

"Wifi, hapana," Tone alisema. "Una watoto."

"Nani amesema sina? Watoto hawa wana mama mwenye figo mbili. Watakuwa na mama mwenye figo moja na shangazi." Akaweka kisu chini. "Tena msinikalie hapo na nyuso za msiba. Watu wanasema kutoa ni moyo. Moyo sitoi, nauhitaji wa kumvumilia mume wangu. Natoa figo."

Kaka akatoka nje, akasimama uani akiwapa mgongo. Alikaa huko kitambo. Hofu yake Tone aliielewa: mke na dada, chumba kimoja cha upasuaji, na yeye hana la kufanya kwa mikono yake yote miwili ya ufundi. Aliporudi ndani, macho mekundu, alichukua kisu akaendelea kumenya viazi pale mkewe alipoachia, vibaya, akikata nusu ya kiazi pamoja na ganda.

Hospitali haikukubali vivi hivi. Daktari alimhoji wifi peke yake, mlango umefungwa, kuhakikisha hakuna aliyemsukuma. Wifi mwenyewe alisimulia baadaye. "Ananiuliza, kuna mtu aliyekulazimisha? Nikamwambia, mama, huyo wa kunilazimisha mimi bado hajazaliwa, na akizaliwa atakuja kusukwa kwangu na ataniheshimu."

"Hakuuliza kwa nini?" Tone alisema.

"Aliuliza."

"Ukamwambia nini?"

Wifi alikuwa anamsuka Tone wakati huo, mistari midogo ya kukaa muda mrefu, kwa sababu, alisema, hataki mtu aingie chumba cha upasuaji na kichwa kama kiota. Mikono ikasita. "Nilimwambia nimewahi kuona mtu anakunywa barafu," alisema, kisha akavuta mstari kwa nguvu hadi Tone akapiga yowe, na mazungumzo yakaishia hapo.

Upasuaji ulikwenda salama. Tone alizinduka akiwa na mirija kila upande, koo linawaka, na nesi wa kiume ameinama juu yake akitazama mfuko wa mkojo kwa furaha ambayo Tone hakuwahi kumwona mtu akiutazama nayo mkojo. "Imeanza palepale mezani," nesi alisema. "Madaktari walipiga makofi."

Walipomruhusu kunywa, nesi huyohuyo alileta glasi. Glasi kamili, imejaa hadi shingoni.

"Kiasi gani?" Tone aliuliza, kwa mazoea.

"Kunywa, dada. Figo mpya inataka maji. Ukimaliza nitaleta nyingine."

Aliishika kwa mikono miwili. Maji yalitikisika, yakameta kwa mwanga wa dirishani, na yeye aliyeyasoma miaka yote hiyo akaona kwamba hajawahi kuyatazama. Wakati huo mlango ukasukumwa, na wifi, uso umempauka lakini mdomo mzima, akaingia kwenye kiti cha magurudumu, kaka akisukuma nyuma.

"Mbona huinywi? Au unaihesabu?"

Tone alijaribu kujibu, machozi yakamwahi.

"We! Kunywa kwanza, lia baadaye. Tena leo lia unavyotaka, maji ya kulilia unayo." Wifi mwenyewe alikuwa analia. "Na hiyo figo yangu imezoea chai ya sukari, usiifundishe ukali."

Tone akanywa. Alikunywa taratibu, funda kwa funda, ubaridi ukishuka kifuani, hadi glasi ikabaki tupu. Kaka yake aliipokea, akaenda kuijaza tena. Alikuwa anatembea kwa uangalifu, kama aliyebeba kitu cha kuvunjika.

"Wifi," Tone alisema, "sijui nikushukuruje."

"Basi usijue. Ukijua utamaliza, tutakosa la kuongea."

Alirudi maabarani baada ya miezi kadhaa, amevaa barakoa kwa sababu ya dawa zinazodhoofisha kinga, chupa kubwa ya maji mkononi. Pampu zilikuwa zinanguruma. Barafu alikuwa hajazizima tangu alipoondoka; alikuja mwenyewe hata siku za mapumziko kuangalia mafuta yake. Kitanuru kilikuwa kimesafishwa, leza imepimwa na kunyooshwa. Kila kitu kilikuwa tayari, na hakuna kilichofanywa.

"Hukuijaribu ya tatu?" Tone aliuliza.

"Ya tatu ni yako," Barafu alisema, akajishughulisha na bolti ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Hawakuipata siku hiyo, wala wiki hiyo. Lakini Tone alifanya kazi sasa bila kizunguzungu, bila kuikimbilia mashine ya damu, na akili iliyokuwa imefunikwa na ukungu ikaanza kuona. Aligundua kwamba walikuwa wakirusha gesi kwa nguvu mno. Akapunguza msukumo, akaongeza mvuke kidogo tu, akashusha moto wa kitanuru hadi pale yurea inapokaribia kugoma. Asubuhi moja, jua linaingia chumbani, leza ikapita mahali ilipopita mara nyingi, na kilele kipya kikasimama. Kidogo, chembamba, pale ambapo hakuna aliyekitafuta. Akapunguza mvuke wa maji: kikazimika kabla ya kile cha maji mawili. Akaurudisha: kikarudi. Ili asijidanganye akarudia yote kwa maji mazito, yale yenye hidrojeni nzito kuliko ya kawaida, na kilele kikahama kama kilivyotakiwa kuhama. Molekuli ya tatu haikuishika yurea upande uliobaki, kama walivyodhani wote. Ilikuwa imeingia kwenye mstari nyuma ya mwenzake.

"Profesa," aliita. "Njoo uone."

Barafu alikuja, akatazama muda mrefu. Kisha mkavu yule akavua miwani, akampa Tone mkono, na akasahau kuuachia.

Makala waliiandika pamoja, wakaipeleka kwenye jarida kubwa la ng'ambo. Mwishoni mwa makala za namna hiyo pana kifungu kifupi cha shukrani, mahali pa kuwataja waliosaidia. Tone alimshukuru kaka yake, daktari, nesi, wenzake waliopisha ratiba. Alipofika kwa mtu mmoja, akakwama. Katika lugha ya jarida lile, wifi huitwa dada wa kisheria, na Tone hakuona ni sheria gani iliyohusika. Akaliacha neno kama lilivyo. Aliandika kwamba utafiti huu usingewezekana kabisa bila wifi.

Mhariri akajibu kwa adabu zote. Makala imependwa, alisema, na itachapwa, ila si desturi ya jarida kushukuru mtandao wa intaneti.

Tone aliisoma barua pepe hiyo akiwa saluni, kiti cha pembeni, wifi amesimama na kitana nyuma ya mteja. Akaisoma kwa sauti, akaitafsiri. Mteja alishindwa kujizuia kwanza. Wifi akaangua kicheko hadi akashika ubavu wenye kovu na kujiegemeza kwenye kioo.

"Mimi? Intaneti?"

"Ndivyo anavyodhani."

"Mwambie sikati. Mwambie hata mvua ikinyesha sikati!" Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Sasa utamjibu nini?"

Tone alikuwa tayari anaandika. Alimweleza mhariri kwamba wifi ni mtu, ni mke wa kaka yake, ni msusi, na mchango wake katika utafiti ni figo ya kushoto. Akaomba neno libaki. Jibu lilikuja kabla mteja hajamaliza kusukwa: neno litabaki, na mhariri anaomba radhi, na anamsalimia sana huyo mama.

"Mwambie nimepokea," wifi alisema, akigeuza kichwa cha mteja upande wa pili. "Na wewe wifi, kabla hujaondoka, nyanyuka uwashe birika. Tunywe chai."